Kitenzi Kilichokosekana: Ufaransa, Juni 1940

Kila tunapobishana juu ya neno moja katika ubeti, hatukosi mwenzetu wa kutuambia kwamba huo ni ubishi wa wasio na kazi. Mimi humkumbusha mchana wa tarehe 17 Juni 1940, siku ambayo kitenzi kimoja kilikosekana katika sentensi, na askari wa taifa zima wakawa hawajui kama wangali vitani.

Kushindwa kwenyewe kunajulikana. Wajerumani walianza mashambulizi tarehe 10 Mei. Wafaransa wakapeleka majeshi yao bora Ubelgiji, wakidhani adui angekuja kwa njia ile ya mwaka 1914. Adui akapenyeza vifaru katika misitu ya Ardennes, na tarehe 13 akauvuka mto Meuse hapo Sedan, mji uleule ambako Napoleon wa Tatu alitekwa na Waprusia mwaka 1870. Majeshi ya kaskazini yakazingirwa. Yaliyoweza yakaokolewa kwa meli kutoka Dunkerque. Tarehe 14 Juni Wajerumani wakaingia Paris bila kupigiwa risasi. Serikali ilikwisha kukimbia, na barabara za kusini zilisheheni mamilioni ya raia na mizigo yao.

Usiku wa tarehe 16 Waziri Mkuu Paul Reynaud alijiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Marshali Philippe Pétain, shujaa wa Verdun, mzee wa miaka 84. Usiku huohuo serikali mpya iliwauliza Wajerumani masharti yao kupitia balozi wa Hispania. Jibu lilikuwa halijaja. Lakini mchana wa pili yake mzee alizungumza redioni kutoka Bordeaux, akasema kwa moyo mzito kwamba hapana budi kuacha kupigana.

Tuipime kauli hiyo kwa mizani ya lugha yetu. Mfasiri wa haraka angeandika “kusitisha mapigano”, naye angempendelea mzee. Mapigano husitishwa na pande mbili, kwa mapatano. Kuacha kupigana mtu huweza peke yake, huku mwenzake akiendelea kumpiga. Pétain alisema hilo la pili. Waziri wake wa mambo ya nje, Paul Baudouin, aliitambua hatari, na katika maandishi waliyopewa wachapaji wa magazeti sentensi ikarekebishwa: hapana budi *kujaribu* kuacha kupigana. Kitenzi hicho kimoja kilirejesha maana, ila kilichelewa. Askari aliye njiani, aliyepotezana na kikosi chake, atalipata wapi gazeti?

Mkataba ulitiwa saini tarehe 22 katika msitu wa Compiègne, ndani ya behewa lilelile ambamo Wajerumani walisalimu amri mwaka 1918, na mapigano yakakoma rasmi usiku wa kuamkia tarehe 25. Kwa hiyo zilipita siku nane ambazo vita vilikuwapo na havikuwapo. Wako walioweka silaha chini wakingoja kurudi makwao. Wako waliokataa: wanafunzi wa shule ya wapanda farasi ya Saumur walilinda madaraja ya mto Loire hadi tarehe 20, wengi wao wakiwa na silaha za mazoezi. Mateka wa Kifaransa walifika takriban 1,800,000, na sehemu kubwa yao walikamatwa katika siku hizo za mwisho. Wengi walikaa Ujerumani miaka mitano.

Charles de Gaulle alijibu kutoka London tarehe 18. Wengi huamini kwamba ndipo alipotamka kuwa Ufaransa imeshindwa pigano, haikushindwa vita. Sivyo, maneno hayo, yenye kutenga *pigano* na *vita* kwa ustadi ambao mshairi yeyote angeuonea wivu, yalitoka katika bango lililobandikwa London mwezi Agosti. Hotuba yake ya siku ile BBC haikuihifadhi, na sauti tunayosikilizishwa leo ni ya hotuba ya baadaye. Ya Pétain ipo. Ukiisikiliza, “kujaribu” hamna.