Kutoka Kuchaguliwa hadi Kuchagua: Sisi na Shule za Sekondari za Uingereza

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa Dar es Salaam na ya kwetu ikapanda, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari. Waliokuwa kidato cha sita ni 176. Hesabu hizo alizitaja Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, na kila tukizisoma tunatulia kidogo. Watu 176 wanaenea katika ukumbi huu tunaofanyia sherehe zetu, na viti vikabaki.

Hadi siku hiyo shule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu peke yao, za Wahindi peke yao, za Waafrika peke yao. Uhuru ukauondoa mgawanyo huo, na mwaka 1964 ada za sekondari zikafutwa. Lakini nafasi zilikuwa chache. Mwaka 1967 wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefika 25,000, na bado ni kama asilimia 13 tu ya watoto waliomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya kuendelea. Ndiyo maana Mwalimu alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika, isiwe chumba cha kusubiria sekondari. Wazazi walimsikiliza kwa heshima, wakaendelea kusubiri.

Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini tulikulia ndani ya neno moja: kuchaguliwa. Mtoto alifanya mtihani wa darasa la saba, kisha nyumba nzima ikashika pumzi. Jirani hakuuliza, "Mtoto mnampeleka shule gani?" Aliuliza, "Amechaguliwa?" Akijibiwa ndiyo, ndipo aliuliza wapi. Ikitajwa Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora, Kilakala au Msalato, mama mwenye mtoto alipigiwa vigelegele. Kazi ya mzazi ilikuwa kununua tranka, godoro, ndoo na jembe, na kumsindikiza mtoto kituo cha basi. Wenye uwezo walikuwa na shule za binafsi na seminari, ingawa hata seminari ilichagua yenyewe. Swali la shule ipi inamfaa mtoto huyu halikuwa la mzazi. Lilikuwa la Serikali.

Tulikuja nalo neno hilo Uingereza, tukidhani ni la dunia nzima. Na kwa kweli Waingereza nao walikuwa na kuchaguliwa kwao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, inayokumbukwa kwa jina la waziri Butler, ilifanya sekondari kuwa bure kwa kila mtoto, lakini ikaacha nafasi ya kuwapima wakiwa na miaka 11. Wachache walikwenda shule za grama, zilizoelekea chuo kikuu, na wengi wakapelekwa shule nyingine zilizoelekea kiwandani na jikoni. Julai 1965 waziri wa elimu Anthony Crosland akaziomba kaunsili ziache utaratibu huo, watoto wote wa mtaa wasome shule moja. Nyingi zilifuata, chache zikashikilia. Leo England imebaki na shule za grama 163 za Serikali. Kent na Buckinghamshire bado zinapima watoto jimbo zima, na Reading na Slough, ambako baadhi yetu tunaishi, zina shule hizo pia.

Badiliko lililotugusa zaidi lilikuja mwaka 1980. Sheria ya mwaka huo ilimpa mzazi haki ya kutaja shule anayoitaka. Ile ya 1988 ikazitaka shule zipokee watoto hadi zijae, na kuanzia 1992 matokeo ya shule yakaanza kutangazwa kwa majedwali, kila mtu ayaone. Tangu hapo kazi ya kuchagua iliwekwa mikononi mwa mzazi, na utaratibu wote ukajengwa kwa kudhani kwamba mzazi anaijua kazi hiyo. Aliyesoma hapa anaijua. Sisi tulikuwa bado tumekaa kituoni na tranka letu, tukisubiri jina lisomwe.

Hatukuwa wa kwanza. Katikati ya miaka ya sitini, watoto wa Kihindi wa Southall, magharibi mwa London, walipandishwa mabasi kila asubuhi kupelekwa shule za mbali, kwa sababu Wizara ilisema shule isiwe na watoto wa wahamiaji zaidi ya kama theluthi moja. Waliosafirishwa ni watoto wa wageni tu. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, kaunsili ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije mji huo, na mojawapo ya sababu ilizotoa ni kwamba mamia ya watoto walikuwa wakisubiri nafasi za shule. Walikwenda Leicester hata hivyo, na leo nani anaweza kuufikiria mji ule bila wao?

Waliotufundisha zaidi ni ndugu zetu wa Karibiani. Mwaka 1971 mwalimu mmoja kutoka Grenada, Bernard Coard, aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu akiwaandikia wazazi. Alionyesha jinsi watoto wa Karibiani walivyokuwa wakipelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule maalumu za watoto walioitwa wenye akili pungufu. Watoto hawakuwa na upungufu huo. Walikuwa wageni, wanazungumza Kiingereza cha kwao, wanapimwa kwa mtihani uliotungwa kwa ajili ya mtoto mwingine, na mwalimu hatarajii mengi kutoka kwao. Wazazi walikisoma kijitabu kile na kukipitisha mkono kwa mkono. Wakazitia nguvu shule zao za Jumamosi makanisani na sebuleni, na wakaanza kwenda shuleni kuuliza. Jina lile la akili pungufu liliondolewa katika sheria mwaka 1981.

Tungependa kuandika kwamba mambo hayo yaliishia hapo. Kwetu yalikuja kwa sura ya upole zaidi. Mtoto wetu wa kwanza alitufuata hapa Januari moja akiwa na miaka 14, ametoka kidato cha pili Dar es Salaam, hesabu ndilo somo lake. Tuliomba shule katikati ya mwaka, kaunsili ikatupa iliyokuwa na nafasi, tukashukuru Mungu: amechaguliwa! Hatukujiuliza kwa nini shule ile ilikuwa na nafasi Januari. Wiki ya kwanza akapewa jaribio la kusoma Kiingereza, na kwa jaribio hilo akapangwa seti ya mwisho katika masomo karibu yote, hesabu ikiwamo. Alirudi nyumbani akisema anafundishwa mambo aliyosoma darasa la saba. Tukamwambia atulie, mwalimu anajua.

Sisi ni wauguzi. Wodini hatukubali dozi tusiyoielewa. Tunamuuliza daktari, hata bingwa, na tunaandika kwamba tumeuliza. Shuleni hatukuuliza neno kwa miaka miwili. Mikutano ya wazazi ilikuwa jioni, saa tunayovaa sare kwenda zamu ya usiku, na kwa malezi yetu mzazi anayemhoji mwalimu ni mjuaji. Ripoti zilisema anatimiza lengo lake. Lengo lenyewe nani aliliweka? Februari ya mwaka wa 11, miezi mitatu kabla ya GCSE, mwalimu mmoja alitueleza kwa huruma kwamba seti ile inafanya karatasi ya ngazi ya chini, na karatasi hiyo wakati ule haikutoa alama zaidi ya C, hata mtoto akipata maswali yote. Kumhamisha ilikuwa kuchelewa, kwa sababu mada za ngazi ya juu hazikuwa zimefundishwa. Alipata hiyo C. Chuo alichotaka kilidai B ili asome hesabu ya A-level. Mwaka mzima ulikwenda kuirudia.

Siku hizi alama zimekuwa namba, lakini mpaka ni uleule: karatasi ya chini ya hesabu inaishia 5, na alama za juu zinafika 9. Tunalitaja kwa sababu tangu visa ya wahudumu wa afya ianzishwe mwaka 2020 zimekuja familia nyingi mpya, na wote wanatuuliza shule ipi ni nzuri. Swali ni jema, lakini baada yake liko lingine: mtoto akishaingia, atawekwa seti gani, kwa kipimo gani, na atapimwa tena lini? Kuna shule yenye sifa kubwa ambayo mtoto mgeni anakaa mwishoni hadi anaondoka, na iko shule ya kawaida inayompima hesabu kwa hesabu.

Umri nao unawashtua wengi. Hapa mtoto hapangwi kwa darasa alilofikia, anapangwa kwa tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wa miaka 13 au 14 aliyemaliza darasa la saba juzi anaingizwa mwaka wa 9, wakati wenzake wamekuwa sekondari tangu miaka 11. Akifika na miaka 15 ana chini ya miaka miwili kabla ya mtihani, pengine miezi michache tu. Kama safari inaweza kupangwa, ipangwe kwa kuangalia hilo kabla ya kuangalia bei ya tiketi. Anayetaka grama ajue kwamba mtihani kwa kawaida hufanywa Septemba, mwanzoni mwa mwaka wa 6, na kujiandikisha hufungwa kabla ya hapo.

Kwa anayeingia mwaka wa 7, fomu inajazwa kwa kaunsili ya nyumbani kufikia tarehe 31 Oktoba, na majibu hutoka tarehe 1 Machi. Mzazi anaruhusiwa kutaja shule zisizopungua tatu. London ni hadi sita. Wengi wetu tuliandika moja, tukiamini kwamba kuandika moja ni kuonyesha msimamo. Haisaidii kitu. Ikikosekana hiyo, kaunsili inakupa iliyobaki. Kutaja pia si kupewa: shule ikijaa, wanaangalia ndugu waliopo, umbali wa nyumba, pengine dini. Ukikataliwa kuna rufaa mbele ya watu watatu au zaidi wasio wa shule hiyo, na unapewa angalau siku 20 za masomo kuiandaa. Wapo kati yetu waliokwenda na kushinda.

Kitinda mimba wetu ana miaka 11. Oktoba hii kaka yake, ambaye sasa ni mtu mzima, alikuja tukakaa naye mezani, akapima umbali kwenye ramani na kujaza nafasi zote za fomu. Kabla ya hapo tulizitembelea shule nne, mchana, baada ya zamu, macho mazito. Katika ya tatu kaka alinyoosha mkono na kumuuliza mkuu wa shule jinsi wanavyopanga seti za hesabu kwa mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani. Ukumbi ulikaa kimya. Mkuu wa shule alijibu kwa kirefu, akasema wanapima upya kila muhula. Hakukasirika. Shule hiyo ndiyo tuliyoiandika ya kwanza.