Fidia ya Kuumia Kazini Eldoret: Kutoka Ofisi ya Leba hadi Kortini na Kurudi

Mfanyakazi wa Eldoret anayekatwa vidole na mashine ana haki ya kulipwa fidia ambayo sheria imeshampigia hesabu: mshahara wa miezi 96, ukigawanywa kulingana na asilimia ya ulemavu aliyoandikiwa na daktari. Anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi na kuandikiwa asilimia 20 anastahili Sh288,000. Hatakiwi kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na kosa lake mwenyewe la kawaida halimnyimi pesa hizo. Hesabu ni rahisi. Kwa zaidi ya miaka sabini, ugumu umekuwa kujua dai lipelekwe wapi na nani wa kumsindikiza mtu mwenye mkono mmoja, asiye na kazi tena, mpaka pesa zimfikie mkononi.

Katika miongo ya kwanza ya mji huu swali hilo halikuwapo, kwa sababu fidia yenyewe haikuwapo. Walowezi wa Kiafrikana walifika uwanda wa Uasin Gishu kwa mikokoteni ya ng'ombe mwaka 1908, kituo cha biashara kikamea kwenye shamba nambari 64, na mwaka 1912 kikaitwa Eldoret, ingawa wenyeji waliendelea kukiita Sisibo. Mashamba ya ngano na mahindi yalihitaji mikono mingi, na reli iliyofika kutoka Nakuru mwaka 1924 ikaongeza mahitaji hayo. Sheria ya kazi ya wakati huo, iliyotungwa mwaka 1906 kuhusu mabwana na watumishi, ilihangaikia mtumishi aliyetoroka: ilimtoza faini au kumfunga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kipande, kitambulisho alicholazimishwa kubeba, kilirahisisha kumsaka. Aliyevunjika mguu chini ya plau alitegemea huruma ya bwana shamba, na alipoonekana hafai tena kwa kazi alirudi kwao, akawa mzigo wa mkewe na ndugu zake. Hakuwa na ofisi ya kumsikiliza. Nyaraka za serikali zilihesabu vibarua waliopatikana na waliotoroka. Waliolemazwa na kazi hawakupewa safu yao.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Uingereza ilikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu mwaka 1897, iliyojengwa juu ya wazo moja lenye nguvu: ajali ya kazini ni gharama ya biashara kama kuni na mafuta, kwa hiyo anayevuna faida ndiye abebe gharama hiyo, bila kutafutana makosa. Wazo hilo liliingia katika sheria za Kenya mwishoni mwa miaka ya 1940, katika sheria ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 236. Mwajiri alitakiwa kutoa taarifa ya ajali, daktari akadirie ulemavu, na afisa wa leba asimamie makubaliano ya malipo. Viwango vilikuwa na kikomo, na kibarua aliyeitwa kwa kazi isiyohusu biashara ya mwajiri aliachwa nje. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza mtu aliyeumia alikuwa na mahali pa kwenda.

Ofisi ya leba ndiyo iliyokuwa msaada wa kisheria wa mtu wa kawaida kwa miaka mingi. Afisa alimjazia mlalamishi fomu, alimwandikia mwajiri barua, na alimweleza haki zake kwa Kiswahili. Lakini afisa huyo huyo alitakiwa kuwa mpatanishi wa pande zote mbili. Mlalamishi aliyeketi mbele yake hakuwa na mtu wa upande wake peke yake, isipokuwa chama cha wafanyakazi kilipomtuma katibu wa tawi aje naye.

Baada ya uhuru Eldoret ikawa mji wa viwanda. Palikuwa na kiwanda cha blanketi cha Raymond, Ken-Knit ya nyuzi na sweta, Rivatex iliyoanzishwa mwaka 1975, RaiPly ya mbao, viwanda vya chuma, na kampuni ya EATEC iliyokamua dawa ya kutengenezea ngozi kutoka maganda ya miwati. Kila kiwanda kilikuwa na majeraha yake. Mashine za kuchambua pamba zilivuta mikono ya mashati, misumeno ilikata vidole, na chuma cha moto kiliunguza miguu isiyovaa buti. Mashambani, mashine ya kupukuchua mahindi, inayohama boma hadi boma msimu wa mavuno, ilichukua viganja vya vijana walioajiriwa kwa siku, na wenye mashine hizo mara nyingi hawakuwa na bima.

Hapo ndipo wakili alipoingia kwa kishindo. Sura ya 236 haikumzuia mfanyakazi kufuata njia ya pili, yaani kumshtaki mwajiri kortini kwa uzembe au kwa kuvunja Sheria ya Viwanda, mathalani kwa kuacha mashine bila kinga. Njia hii ilidai ushahidi, lakini haikuwa na kikomo cha malipo: hakimu aliweza kutoa fidia ya maumivu, ya kipato kilichopotea na ya matibabu yajayo. Tena dai la leba lilitakiwa lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja, ilhali shauri la uzembe lilipewa miaka 3. Haikuchukua muda kabla ya mashauri ya kuumia kazini kuwa sehemu kubwa ya kazi ya mahakama za mahakimu mjini Eldoret na riziki ya ofisi nyingi za mawakili.

Namna kazi hiyo ilivyoendeshwa inafaa kutazamwa kwa karibu. Sheria ya Mawakili inakataza wakili kufanya mapatano ya kulipwa tu iwapo atashinda, na inakataza kutafuta wateja kwa kutumia madalali. Lakini mtu aliyelazwa wodini na mkono uliofungwa bendeji hana pesa ya kuanzia. Basi mambo yalipangwa nje ya karatasi. Mtu alifika kitandani, akachukua jina na tarehe ya ajali, mgonjwa akaweka sahihi au dole gumba, na wakili akagharamia ripoti ya daktari na ada ya korti akitumaini kurudishiwa mwishoni. Wapo waliopata kwa njia hiyo nyumba ya kupangisha au karo ya watoto, pesa ambazo ofisi ya leba isingewapa kamwe. Wapo pia ambao hawakuambiwa kesi iliishaje, au waliopokea kilichobaki baada ya makato ambayo hakuna aliyewaeleza. Wote wawili ni wa historia hii, na kumtaja mmoja bila mwenzake ni kumdhulumu mtu.

Ushindi nao haukuwa pesa. Kampuni ya bima ya serikali, Kenya National Assurance, ilianguka mwaka 1996, United ikafuata mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na kila anguko liliacha watu wenye hukumu mkononi na hakuna wa kuilipa. Rivatex yenyewe iliingia mikononi mwa mfilisi mwishoni mwa miaka ya 1990, ikanyamaza hadi Chuo Kikuu cha Moi kilipoinunua mwaka 2007. Kiwanda kinapofilisika, benki yenye dhamana hutangulia mbele ya wadai wengi.

Mwaka huo huo wa 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, iliyoanza kutumika Juni 2008. Ilifuta Sura ya 236 na kufunga njia ya pili: kifungu cha 16 kilimzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake moja kwa moja kortini. Dai lote lilihamia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7, dai lifunguliwe ndani ya miezi 12, mwajiri au bima yake alipe ndani ya siku 90. Asiyeridhika ana siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi, kisha siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya kazi.

Chama cha Mawakili kilipinga sheria hiyo mwaka 2008, kikisema imemnyima mfanyakazi korti. Wengi waliona mawakili wanatetea mkate wao, na hilo lina ukweli ndani yake, lakini hoja yao haikuwa ya bure: Mkurugenzi aliyepewa nguvu zote hizo ni mtumishi wa serikali ambayo nayo ni mwajiri. Machi 2009 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu kadhaa, na kesi zikaendelea kumiminika kwa mahakimu. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikavirejesha karibu vyote. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo, ikisema mfanyakazi hajanyimwa korti, ila amewekewa hatua moja kabla yake.

Hukumu hiyo iliacha mtego. Maelfu ya watu nchini walikuwa wamefungua mashauri kwa nia njema kati ya 2008 na 2019. Baadhi ya mahakimu walisitisha mafaili yao, wengine wakaendelea, na aliyerudishwa kwa Mkurugenzi alikuta miezi 12 imekwisha zamani. Aprili 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alitoa mwongozo katika gazeti rasmi la serikali: mashauri yaliyofunguliwa kabla ya tarehe ya hukumu yamalizwe pale yalipo. Kwa walioumia mwaka 2010 ambao walikuwa bado wanasubiri, mwongozo huo ulikuja ukiwa umechelewa sana.

Ukaibuka ugumu mwingine, ambao sheria haikuutazamia vizuri. Mkurugenzi akishakadiria na mwajiri akakaa kimya, bila kupinga wala kulipa, nani amlazimishe? Majaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi wametofautiana. Wengine wameipokea tathmini ya Mkurugenzi kama hukumu na kuamuru ilipwe. Wengine wamesema hawana mamlaka hayo kwa sababu kazi ya korti ni kusikiliza rufaa tu. Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili mnyonge asihitaji wakili imemfanya amhitaji mwishoni mwa safari, mahali ambapo fidia yake ni ndogo na mawakili wengi hawaoni sababu ya kuichukua kesi.

Pengo hilo limejazwa na mipango mingine. Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Moi, kilichofunguliwa mjini mwaka 1994, kilileta wanafunzi wa kutoa ushauri bila malipo, na serikali ilipoanza majaribio ya msaada wa kisheria mwaka 2008, Eldoret ilikuwa miongoni mwa miji iliyochaguliwa, kupitia chuo hicho. Kituo cha msaada wa kisheria cha Eldoret, kinachojulikana kama LACE, kilianza kwa kuwahudumia wagonjwa wa mpango wa matibabu wa AMPATH, kwa kuwa watabibu waliona dawa peke yake haimwinui mtu aliyenyang'anywa haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ikaupa utaratibu huo mguu wa kudumu, ingawa fedha zake hazijawahi kulingana na mahitaji.

Anayekosa fidia hupewa mara nyingi ushauri wa kwenda kwa serikali, nako milango ni myembamba. Mfuko wa NSSF, ulioanzishwa mwaka 1965, humlipa mwanachama aliyethibitishwa na daktari kwamba hawezi tena kufanya kazi, lakini kibarua ambaye mwajiri hakumkata michango hana cha kudai. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilileta Baraza la Kitaifa, usajili na msamaha wa kodi. Ruzuku ya Sh2,000 kwa mwezi, iliyoanza mwaka 2011, inazilenga kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wakati wote. Kijana aliyepoteza kiganja kwenye mashine ya mahindi hayumo humo.

Kwa sababu hizo, msaada anaouhitaji zaidi mtu aliyeumia Eldoret siku hizi hutolewa mapema, kabla ya korti. Ni mtu wa kuhakikisha kwamba mwajiri amejaza sehemu yake ya fomu ya kuripoti ajali, DOSH 1, na kuandika mshahara halisi; kwamba daktari amejaza asilimia, wala hakuacha nafasi tupu; kwamba nakala imepigwa muhuri na kuwekwa nyumbani; na kwamba siku 60 za pingamizi zimehesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa.