Boma la Karema

Watu wengi wakisikia habari za ngome za pwani hukumbuka Kilwa na Mombasa, au visiwa vya Uyunani, ambako kuta za kale zatazama maji ya chumvi. Sisi tukaao Kakese tuna boma letu katika mkoa huu wa Katavi, nalo lilijengwa litazame maji matamu: boma la Karema, katika Ziwa Tanganyika.

Mwaka 1876 Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, aliunda chama cha mataifa, kikitangaza kwamba shabaha yake ni kuchunguza nchi za Afrika na kukomesha biashara ya watumwa. Mwezi wa Agosti 1879 Kapiteni Cambier alifika Karema kwa amri ya chama hicho, akaanza kujenga juu ya kilima kando ya ziwa. Mizigo yote ilitoka pwani ya bahari vichwani mwa wapagazi. Ili kuwapunguzia kazi, mwaka ule ule tembo wanne wa Bara Hindi walishushwa Msasani. Aliyefika Karema ni mmoja tu. Kiongozi wao, Carter, aliuawa Mpimbwe mwezi wa Juni 1880 pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya Mirambo. Naye Ramaeckers, aliyeshika boma baada ya Cambier, alifariki papo hapo Karema mwaka 1882.

Tena palikuwa na jambo ambalo ukuta hauwezi kulizuia. Ziwa lilikuwa limejaa mno, hata mwaka 1878 likavunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo. Kabla ya miaka 20 kupita, maji yalishuka kiasi cha mita 10. Nchi ya Karema ni tambarare. Basi ziwa likarudi mbali, na boma lililojengwa liwe kituo cha vyombo likaachwa nchi kavu.

Mwaka 1885 Leopold, ambaye sasa alikuwa ameikaza mikono yake juu ya Kongo, aliwaachia boma Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1889 akaja Adrien Atiman, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Mali. Huyu alitekwa akali mtoto, akauzwa, akakombolewa na mapadri, kisha akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Akawaganga watu wa Karema hata alipokufa mwaka 1956.

Haya, tupime. Wenye bunduki, waliosema wamekuja kuwaokoa watumwa, walikaa miaka 6. Yeye aliyewahi kuuzwa alikaa miaka 67, akiwaganga watu kwa dawa zake.

Lakini wapagazi waliobeba mizigo ile, na mafundi waliosimamisha kuta zile, majina yao hayakuandikwa. Ushahidi wao ni kazi ya mikono yao. Kwa hiyo, walimu wenzetu, tuwafundishe watoto kuheshimu mabaki ya kale, wasiyabomoe. Nasi tuwaulize wazee wangali hai, tuandike. Ukuta ukianguka huweza kujengwa tena. Habari ikizikwa na mwenyewe, hairudi.