Vimelea Kwenye Damu: Neno la Kumwambia Aliyepandikizwa Figo

Mwambie mtu aliyepandikizwa figo kuwa ana sumu kwenye damu, atadhani figo mpya imekufa. Wakati wote aliokuwa akisafishwa damu kwa mashine, sumu kwake ilikuwa taka ambazo figo zimeshindwa kuzitoa. Mwambie ana maambukizi kwenye damu, ndugu walioketi kandokando ya kitanda watasikia VVU, maana huko mitaani kwetu neno maambukizi limekwisha kuzoeleka hivyo. Ukiongeza kwamba kinga yake iko chini, hofu imekamilika: upungufu wa kinga umo ndani ya jina la UKIMWI.

Kinachotafutiwa jina ni bakteria, au pengine fangasi, walioingia katika damu inayozunguka mwilini. Mpandikizwa yumo hatarini zaidi kwa kuwa kila siku humeza dawa za kushusha kinga, kama takrolimasi na prednisoloni, mwili usije ukaikataa figo ya mtu mwingine. Ronald Herrick alipompa figo Richard mjini Boston mwaka 1954, dawa hizo hazikuhitajika, kwani walikuwa mapacha wa kufanana. Wagonjwa wengi hawana pacha.

Mara nyingi mlango ni njia ya mkojo. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, na mrija wake ukaunganishwa na kibofu. Bakteria wa utumbo wa mgonjwa mwenyewe, hasa E. coli, hupanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo, kisha wakaingia kwenye damu. Hapa ndipo kitenzi kuambukizwa kinapopotosha, kwa sababu msikilizaji huuliza: na nani? Hakuna mtu aliyemwambukiza.

Kwenye mafaili, maambukizi katika mkondo wa damu yabaki. Kitandani ningesema: vimelea vimeingia kwenye damu. Vimelea vinatokana na kumea, na neno hilo halimtuhumu mtu. Wala lisichanganywe na sepsisi. Sepsisi ni pale mwili, katika kupambana na vimelea, unapoanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Mtu anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na asiwe amefika huko, na muda huo ndio wa kumwokoa.

Muda huo hupotea kirahisi. Prednisoloni huweza kuificha homa, na figo iliyopandikizwa, kwa kuwa neva zake zilikatwa, huenda isiume. Kwa hiyo mgonjwa aambiwe waziwazi: ukitetemeka kwa baridi, mkojo ukikuchoma, au ukilegea ghafla, njoo, usingoje mwili uchemke.

Akifika, damu yake huoteshwa. Kuotesha nalo ni neno la shambani, kama kupandikiza. Damu hutiwa kwenye chupa zenye chakula cha vimelea, zikawekwa kwenye joto mpaka vilivyomo vimee, kisha hupimwa dawa gani inaviua. Ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza, lakini dawa isicheleweshwe kungoja majibu.