Tone Moja kwa Kila Mtoto

Kabla ya 1880, mtoto wa mama mwenye kisonono aliweza kupofuka kabla hajaijua sura ya mamaye. Vijidudu humwingia machoni anapopita njia ya uzazi. Siku chache baadaye kope huvimba, usaha hutoka, na asipotibiwa konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, huweza kutoboka. Katika hospitali ya uzazi ya Leipzig, Ujerumani, mtoto 1 hivi kati ya 10 aliugua. Daktari Carl Credé alianza kwa kuwasafisha ukeni akina mama wagonjwa. Haikufaa. Akawatilia dawa watoto wa mama hao tu. Hatimaye, mwaka 1880, akaamua kila mtoto azaliwaye asafishwe macho na kutiwa tone la nitrati ya fedha ya asilimia 2. Wagonjwa wakapungua hadi chini ya mtoto 1 kati ya 100.

Sifa zote hupewa nitrati ya fedha, nami naona zimewekwa pasipo pake. Dawa ile ilikuwa kali. Watoto wengi walishinda na macho mekundu, na ikikolezwa kupita kiasi huunguza jicho. Jambo kubwa alilofanya Credé ni kuacha kuchagua. Kisonono mara nyingi hakimwonyeshi mwanamke dalili yoyote, kwa hiyo anayengoja dalili huwakosa watoto walio hatarini. Tena, tone linalotiwa wote halimnyooshei mama yeyote kidole, na hilo kwangu si jambo dogo. Tazama yaliyofuata: dawa zilibadilika, desturi ikabaki. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1988 ulionyesha kwamba marhamu ya tetrasaiklini haipitwi na fedha. Mwaka 1995 yakatoka matokeo ya Kikuyu, Kenya, kwa watoto 3,117: povidoni-ayodini ya asilimia 2.5 iliishinda fedha na hata antibiotiki ya eritromaisini, tena kwa bei nafuu. Nayo huacha rangi ya kahawia jichoni kwa dakika chache, mkunga akamtambua aliyekwisha kutiwa.

Wapo wanaosema desturi hii imepitwa na wakati. Uingereza iliiacha zamani, na mwaka 2015 chama cha madaktari wa watoto cha Kanada kilishauri mama wapimwe na kutibiwa wakiwa wajawazito. Hoja yao ni nzito: tone halimponyi mama, na vijidudu vya kisonono vimezoea dawa nyingi. Lakini kupima kunadai maabara, majibu yanayorudi mapema, na mume anayekubali kutibiwa pia, asije akamwambukiza mkewe upya. Kiungo kimoja kikikatika, mtoto ndiye anayelipa. Sioni kwa nini kupima kuondoe tone. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 bado unapendekeza dawa ya macho kwa watoto wachanga wote. Mama anayefika usiku na uchungu, bila kadi ya kliniki, hana majibu ya kumwonyesha mkunga, na mtoto yuko njiani.