Chambo cha posta

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, drafti huchezwa kwa vizibo vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Mmoja anasukuma kizibo mbele, anasema, "Kula." Mwenzake anaona kabisa ametegwa, lakini afanyeje? Kwenye drafti kula ni lazima. Anakula kimoja, vyake viwili vinaondoka.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka gambiti ya sataranji iitwe "kulisha". Gambiti ni kutoa kete, aghalabu askari, mapema mchezoni ili upate nafasi ya kushambulia, na mpinzani ana hiari ya kuila au kuipita. Neno lenyewe ni la Kiitaliano, la kumpiga mtu ngwala; Mhispania Ruy López alilitumia katika kitabu chake cha sataranji cha mwaka 1561. Ngwala ingefaa, ila anayepigwa ngwala haulizwi. Kafara nayo inanukia uganga. Mimi nachagua chambo: samaki akishuku, anapita zake.

Tukijaribu neno kwenye sataranji ya barua, linashika. Miaka ya 1930 wachezaji wa Riga walipambana na Stockholm kwa njia ya posta, wakitumia utetezi mkali ambao leo huitwa Gambiti ya Latvia. Mweusi, badala ya kumlinda askari wake aliyetishiwa na farasi, anasukuma mwingine mbele naye aliwe. Kwa tarakimu za wacheza barua, ambazo humwezesha Mrusi kuelewana na Mbrazili bila mkalimani, ni hivi: 5254 5755, 7163 6765. Hiyo 6765 ya mwisho ndiyo chambo.

Utata wake ni muda. Kanuni ya zamani ya posta ilitoa siku 30 kwa hatua 10, na vitabu viliruhusiwa kufunguliwa. Chambo kinachomnasa mtu mezani kwa dakika mbili, kwa posta kinakaguliwa siku tatu, kikinuswa kila upande. Utetezi mkali hapo unahitaji moyo.

Nilimsimulia haya mzee mmoja kwenye drafti: unatoa kete, unasubiri barua, na mwenzako anaweza kukataa. Akageuza kizibo mkononi.

"Mwanangu, huo si mchezo. Hiyo ni barua ya posa."