Kizuri Kilichofungiwa Ndani

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza. Maisha ya Marie Bracquemond, mchoraji wa Ufaransa, yatupa sababu ya kuupima msemo huu upya.

Mwanamke huyu alizaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Brittany, katika nyumba isiyokuwa na mali. Mwaka 1857, akiwa bado msichana, picha yake ilikubaliwa katika Salon, maonyesho makuu ya sanaa mjini Paris. Ingres, bingwa wa zama zile, alimpa mashauri. Walakini binti alihuzunika kuona kuwa bwana yule alitilia shaka ujasiri na ustahimilivu wa mwanamke katika uchoraji.

Mwaka 1869 aliolewa na Félix Bracquemond, fundi mashuhuri wa picha za kuchapwa. Baadaye Marie alivutwa na akina Monet na Renoir, waliotoka nje kuchora nuru ya jua kama ionekanavyo na jicho. Alionyesha kazi zake pamoja na kundi hilo mwaka 1879, 1880 na 1886. Katika picha yake ya watu barazani huko Sèvres, ya mwaka 1880, nguo nyeupe si nyeupe tupu: ndani yake mna samawati na waridi, kama nguo ionavyo jua.

Mumewe hakuipenda njia hiyo. Mwana wao, Pierre, aliandika kwamba baba yake aliionea wivu kazi ya mama, akaidharau, na kuwaficha wageni picha zake. Karibu na mwaka 1890 Marie alichoka na ugomvi, akaacha kuchora isipokuwa kwa nadra. Alifariki mwaka 1916.

Ushahidi wa Pierre ni wa shahidi mmoja, tena mwana anayempenda mama. Yafaa kuupokea kwa hadhari. Lakini bila maandishi hayo, ambayo yalikaa miaka mingi bila kuchapishwa, wataalamu wangalijua machache mno. Mwaka 2008, mjini Frankfurt, picha za Marie zilitundikwa pamoja na za Berthe Morisot, Mary Cassatt na Eva Gonzalès, katika maonyesho ya wanawake wachoraji wa mtindo ule.

Basi kizuri chajiuza, ndiyo, lakini sharti kwanza kifikishwe sokoni. Mtafiti amtafutaye msanii aliyesahauliwa asiulize tu kama alikuwa hodari. Aulize pia nani alishika ufunguo wa mlango.